Folda ya Makosa

Kazi yangu ni kupiga video za harusi za wanawake. Harusi zetu za Malindi zina pande mbili, na mimi niko upande ambao mwanamume haingii. Usiku wa kupamba, bibi harusi akishaketishwa jukwaani, ukumbi mzima huvua mabuibui, na chini ya mabuibui kuna mambo. Simu za wageni hukusanywa mlangoni ndani ya ndoo. Kamera inayoruhusiwa ni moja, nayo ni yangu. Naaminiwa kwa sababu ni mwanamke, naishi Shella, mamangu anajulikana, na nikifanya upuuzi watu wanajua pa kwenda kunishtaki.

Kwa miaka mingi nilihifadhi harusi za watu kwenye diski zilizopangwa kabatini, nyuma ya mashuka. Hewa ya chumvi ya mji huu haina adabu. Ikishamaliza mabati na baiskeli inaingia kabatini, na diski moja baada ya nyingine zikaanza kutoa mlio wa mtu anayesaga meno. Kila iliyokufa ilikufa na bibi harusi wake. Nilikuwa nikiwaambia wenyewe kwamba kuna tatizo dogo la kiufundi, kisha nabadilisha njia ya kwenda sokoni.

Ndipo nikaenda Kilifi kwa mafunzo ya wanawake wafanyabiashara, nikarudi nikiwa mtu mwingine, au ndivyo nilivyojiona. Tulifundishwa hifadhi ya wingu. Wingu lenyewe, kama hujalipata bado, ni kompyuta kubwa za watu wengine katika nchi za watu wengine, nawe unapanga chumba humo. Vyumba vina madaraja. Daraja la moto ni la vitu unavyovitaka sasa hivi. Ukikiita kitu kinakuja papo hapo, na ndilo ghali. Daraja la baridi ni la vitu unavyovitaka kwa nadra. Chini kabisa kuna ghala la kumbukumbu, bei ya kutupa, ila kitu kikishaingia humo hakitoki siku unayokiita. Halafu unaandika sheria: kitu hiki kikae hapa kwa muda fulani, kisha kishuke, kisha kishuke tena, kisha kifutwe. Mashine inafuata yenyewe, hata ukilala. Mwalimu aliyaita maisha ya data, kuzaliwa mpaka kufa, nami niliandika maneno hayo nikayapigia mstari.

Niliporudi nyumbani sikuwa na mazungumzo mengine. Nilimwambia mamangu kwamba kabati lake la vyombo halina mpango, sahani za wageni ziko daraja la moto na hazitumiki mwaka mzima. Nikamweleza jinsi angeweza kuokoa nafasi. Mamangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na wewe uko daraja gani? La kuosha vyombo, au la kuzungumza tu?"

Wateja nao walikuwa na maswali yao. Mama mmoja wa bibi harusi, mtu wa Lamu aliyehamia huku, alinishika mkono kabla sijatoa kamera kwenye mkoba.

"Huko winguni," alisema, "hakuna wanaume?"

Nilimweleza kwamba kabla video haijapanda naifunga kwa nywila, hata mwenye kompyuta haoni kitu.

"Na nywila anayo nani?"

"Mimi peke yangu."

"Ukifa?"

Mwalimu wa Kilifi alizungumzia kifo cha data tu. Nilimwambia mama yule kwamba inshallah sifi kabla ya harusi kwisha, naye akaniruhusu kuingia.

Baadaye nikaandika sheria zangu. Niliziandika asubuhi moja kwa chai na mahamri, na sikumwuliza mtu. Kila harusi ina vitu viwili. Kuna filamu niliyokwisha kuhariri, ile anayopewa bibi harusi, na kuna malighafi, yaani vipande vyote nilivyopiga usiku ule kabla sijakata wala kuunganisha. Filamu nikaiweka daraja la moto, ikae milele, kwa sababu ndiyo kazi ya mikono yangu na niliipenda. Malighafi nikaiandikia ishuke baridini baada ya mwezi, ishuke ghalani baada ya mwezi mwingine, na ikitimiza mwaka ifutwe. Nani atakuja kutafuta vipande vya watu wakipangusa watoto makamasi? Mashine iliniuliza kama nina hakika. Mimi huwa nina hakika, ndiyo shida yangu.

Sasa nimtaje khalati wangu, dada mkubwa wa mamangu, maana yote haya yalimwangukia yeye.

Khalati alikuwa akiongoza vugo. Vugo ni pembe la nyati, na ngoma yake pia huitwa hivyo. Wanawake hulipiga kwa kijiti huku wakiimba, mmoja akitoa beti na wengine wakimpokea. Beti nyingine hutungwa papo hapo, nyingine ni akiba ya miaka, na kazi yake kubwa ni kusema watu. Bibi harusi husifiwa, upande wa bwana huchokozwa, na mgeni aliyekuja na dhahabu ya kuazima hujijua. Khalati alikuwa akiitwa kutoka Ngomeni mpaka Mnarani, na harusi aliyokosekana ilionekana ya haraka haraka. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, haina mapambo, na akiinua beti hata wapishi walisimamisha miiko.

Katika filamu zangu zote, sauti hiyo haimo.

Nieleze. Mabibi harusi wa siku hizi wanataka muziki. Wanataka wimbo unaovuma mwezi ule, uanze wanaposhuka ngazi na uishe wanapokata keki. Basi nilikuwa nikizima sauti ya ukumbini, yote, na kuweka wimbo juu. Khalati anaonekana vizuri sana, nilimpiga kwa upendo, kijiti kiko juu, shingo imenyooka, mdomo unafunguka, na kinachotoka ni sauti ya kijana wa kiume anayelalamika kwamba ameachwa. Nilipata sifa kwa kazi hizo. Niliwahi hata kumwonyesha khalati mwenyewe moja, naye akatazama akasema tu kwamba picha ni safi.

Kisha akaugua koo. Ilianza kwa ukavu, tukamletea tangawizi na asali, kila mtu akawa daktari. Hatimaye alipelekwa Mombasa akafanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa, akapona, alhamdulillahi, ila sauti haikurudi. Akisema sasa unatoka upepo tu. Yeye aliyekuwa akisema watu kwa mashairi akawa mtu wa kuandika ujumbe kwenye simu, kidole kimoja, bila nukta, na maneno yake yakawa makali zaidi kwa kuwa yalikuwa machache.

Ujumbe alioniletea mwezi wa Rajabu ulisema hivi: mjukuu wake wa kwanza wa kike anaolewa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishatoka. Yeye hawezi kuimba. Wasichana wa nyumbani hawajui hata beti moja, kwa sababu walipokuwa wadogo yeye alikuwepo na hakuna aliyeona haja. Anataka wajifunze kutoka kwake, si kwa mtu mwingine. "Nyimbo zangu unazo wewe," aliandika. "Niletee."

Nilimjibu papo hapo: "Ninazo zote, khalati. Usiwe na wasiwasi. Hii ndiyo kazi yangu."

Nilikuwa nimeshamaliza kutuma ndipo nikakumbuka nilichoandika kwa chai na mahamri.

Nilifungua kompyuta. Filamu zote zilikuwepo, nzuri, zinameremeta, bubu. Malighafi ya mwaka juzi haikuwepo. Ya kabla yake haikuwepo. Nilishuka orodha nzima nikitafuta harusi moja tu niliyoisahau kuipangia sheria, lakini siku ile nilikuwa nimefanya kazi safi kwelikweli. Kila mahali palikuwa pamefagiliwa. Nilijitukana kwa sauti mpaka mamangu akauliza kutoka uani nagombana na nani.

Kati ya harusi alizoongoza khalati, moja tu ilikuwa hai bado. Ilikuwa ya Mnarani, ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari wa Kilifi, karibu mwaka mmoja nyuma, imelala ghalani ikisubiri siku yake ya kufutwa, na siku hiyo haikuwa mbali. Nikaizuia sheria kwanza, kisha nikaomba itolewe ghalani. Mashine ikasema ombi limepokelewa, ningoje. Nikamwandikia khalati kwamba nyimbo zinakuja, zitachukua siku mbili hivi.

"Kwani ziko wapi," aliandika.

"Ulaya, khalati."

"Zimekwenda bila mimi. Mimi hata pasipoti sina."

Nilicheka, kwa sababu nilikuwa na hakika tena. Nilikaa nikingoja huku nikijitungia hadithi ya kumwambia mwalimu wa Kilifi, jinsi nilivyoiokoa harusi ukingoni. Video ilipotoka ghalani niliifungua kwa nywila nikaweka vidude vya kusikilizia masikioni, nikaenda moja kwa moja mahali pa vugo. Wanawake wameketi mkekani, mapembe mikononi, khalati katikati. Anapiga. Wenzake wanaimba. Beti inatolewa na mwanamke mwingine, jirani yake wa kushoto, sauti nyembamba ya wasiwasi. Khalati mdomo wake unachezacheza tu.

Niliirudisha nyuma nikaitazama tena, na tena. Usiku wote ule hakuimba hata neno. Sauti ilikuwa imeshaanza kumtoka wakati ule, kabla hatujaambiwa, kabla ya tangawizi. Nami nilikuwa mbele yake na kamera ya bei ghali, nimemsogelea mpaka naona jasho la juu ya mdomo, sikugundua. Kwangu yeye alikuwa picha. Niliona haya ambayo sijawahi kuona, na nasema hivyo nikijua kwamba mimi ni mtu aliyewahi kuanguka jukwaani mbele ya bibi harusi.

Nilimwendea kwa miguu, nyumba yake haiko mbali na yetu. Alikuwa barazani akichambua mchicha. Nikampa shikamoo, akaniitikia kwa kichwa. Nikamweleza yote: madaraja, sheria, mwaka mmoja, Mnarani. Nilipofika kwenye Mnarani aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya goti lake, akatoa simu, akaandika polepole.

"Nilijua," iliandikwa. "Nilikuwa nakutazama nione kama utaona."

Nikaanza kuchambua mchicha naye, nikatupa majani nikabakisha vijiti, akanipiga mkono kidogo ili niache.

Ukweli ni kwamba ningebaki hapo, na harusi ile ingekuwa bila vugo lake, kama si ubahili wangu. Baada ya siku chache nilikaa nijaribu kupunguza bili ya wingu, kwa kuwa nilikuwa nimekata tamaa na mtu aliyekata tamaa hupenda kupanga vitu. Nikaiambia mashine inionyeshe ni folda gani inakula nafasi kubwa zaidi katika daraja la moto. Nilitarajia filamu zangu. Iliyokuja juu kabisa, kubwa kuliko zote, ilikuwa folda iitwayo Makosa.

Folda hiyo nilikuwa nimeisahau. Ni mahali nilipokuwa nikitupia vipande vya kunitia aibu: kamera imeelekea sakafuni, kifuniko hakijatolewa, kichwa cha mtu kimekatwa, saa nzima ya kidole changu mwenyewe. Niliviweka kando ili nivifute mwenyewe kwa mkono siku nitakayopata nafasi, na kwa kuwa vilikuwa takataka, sikuona maana ya kuviandikia sheria. Basi havikushuka daraja wala havikufutwa. Kwa miaka yote ile harusi za watu zilikuwa zikiteremshwa barafuni na kuzikwa, na makosa yangu yamestareheshwa mahali pa ghali kuliko pote, nikiyalipia kodi kila mwezi bila kuchelewa.

Nilikifungua cha kwanza. Lilikuwa pazia. Pazia la kijani lenye maua ya dhahabu, na chini yake ukingo wa sinia. Nikalikumbuka: harusi ya Ngomeni, nyumbani kwa watu, umeme unakatika na kurudi. Nilikuwa nimeiegesha kamera juu ya rafu, nikaamini imezimwa, nikaenda jikoni kula. Kamera haikuzimwa. Ilitazama pazia jioni nzima, na sauti ikaingia yote.

Khalati aliinua beti nikahisi nywele za mikononi zinasimama. Aliimba vugo zima, mwanzo hadi mwisho. Alimpamba bibi harusi, akawapokea wageni, akawachokoza wakwe, wenzake wakimjibu, mapembe yakigonga, na hapa na pale mtoto analia na mtu anaomba maji. Karibu na katikati akatulia, nadhani alikuwa akitazama rafu, kisha akatoa hii:

Mwenye jicho la kioo, ameliacha lakesha,
Mwenyewe yuko jikoni, nyama aziteketesha.

Wanawake wakapasuka kwa kicheko, na humo ndani ya kicheko nikasikia mtu akisema, "Mwacheni ale, maskini." Yaani kila mtu pale ukumbini alijua kwamba kamera iko macho isipokuwa mimi. Nikacheka peke yangu mbele ya pazia, machozi yakinitoka, nikaenda mbio kwa khalati na kompyuta chini ya kwapa, buibui nimelivaa ndani nje.

Mwezi wa Shaabani wote ulikwenda kwa pazia lile. Wasichana walikuja kila alasiri, mjukuu mwenyewe na mabinamu zake, wakakaa mkekani kuitazama kompyuta ambayo haikuwa na cha kutazamwa. Khalati alikaa pembeni na kijiti. Akigonga mara moja, nasimamisha. Akigonga mara mbili, narudisha. Mimi niliyekuwa mkurugenzi wa filamu nikawa fundi wa mitambo, na sikupewa hata nafasi ya kuchagua pa kusimamisha. Wasichana mwanzo waliona haya, wakaimba ndani ya meno. Khalati aliwaandikia, "Mnanong'ona na nani," wakajirekebisha. Baada ya majuma mawili wakawa wanampokea vizuri, na binamu mmoja mwenye kifua cha kuimbia akawa anaweza kuinua beti peke yake. Binamu mdogo alitaka kurekodi kwa simu yake ili akafanyie mazoezi kitandani. Khalati aliigonga simu kwa kijiti, si kwa utani sana.

Siku za kuvunja jungu, watu wakila kabla mfungo haujaingia, wasichana waliimba vugo zima bila kompyuta. Khalati aliwasikiliza kichwa kimeinama. Walipomaliza aliwaashiria waende jikoni, akanigeukia.

"Sasa futa," aliandika.

Nilidhani sijasoma vizuri. Nikamwuliza nifute nini.

"Hilo pazia. Futa."

"Khalati! Hii ndiyo sauti yako ya pekee. Hakuna nyingine duniani, hata ndani ya Makosa nimetafuta."

"Ndiyo maana. Ikikaa, hawataimba. Watabonyeza."

Nilibishana naye kwa elimu yangu yote. Nikamwambia tunaweza kuipeleka ghalani, chini kabisa, mahali ambapo mtu akiitaka lazima angoje siku mbili. Nani ana subira hiyo siku hizi? Nikamwambia naweza kuifunga kwa nywila ambayo ataijua yeye tu. Nikamwambia siku moja, Mungu apishe mbali, tutatamani kumsikia. Nikasema kwa sauti ya juu, jambo ambalo si adabu kwa mtu asiyeweza kuinua yake. Alinisubiri nimalize. Kisha akaandika kwa muda mrefu, kidole kikipanda na kushuka.

"Nyingine zote ulifuta bila kuniuliza. Hii nakuomba mwenyewe unakataa. Nikifa mtaniweka mezani mnisikilize mlie. Mimi sitaki kusikilizwa. Nataka mwimbe."

Nikafuta. Mkono uliofuta harusi zote zile huku unachovya mahamri ulikuwa mzito sasa. Nikamwambia tayari, nikamwonyesha folda ikiwa tupu mahali pale.

Lakini haikuwa imekwenda. Baada ya msiba wa Mnarani nilikuwa nimeweka kinga: kitu kikifutwa, mashine inakificha tu, nakala ya zamani inabaki nyuma kwa muda, na mwenye kujua anaweza kuirudisha. Nilikuwa najua. Khalati hakujua lolote kuhusu nakala na kinga, ila ananijua mimi tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Alinitazama usoni, akaandika neno moja.

"Kabisa?"

Nilifungua kinywa niseme kabisa. Lilikuwa jambo jepesi mno. Ningesema, angeniamini au angejifanya ananiamini, na mimi ningebaki na sauti yake Ulaya mpaka nife. Sikuweza. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshapitisha mwaka mzima mbele ya uso ule bila kuuona, na sasa ulikuwa karibu hivi. Nikasema, "Bado." Nikaingia ndani zaidi nikaitafuta nakala, nikamweleza ni ipi, nikamwambia hii ikienda hairudi kwa daktari wala mganga. Akaweka kidole chake juu ya changu tukabonyeza pamoja. Kisha nililia, kwa sauti, na wasichana wakatoka jikoni na sambusa mikononi kuuliza ni nani amefariki.

Ramadhani nzima hakuna aliyeimba, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ni mimi niliyehangaika. Kila nilipokutana na mmoja wa wasichana kwenye futari nilimwuliza kwa siri kama bado anazikumbuka, naye ananiambia anazikumbuka, nami namwona machoni kwamba amebakiwa na nusu. Nilitaka kumwandikia mwalimu wa Kilifi nimwulize daraja la kitu kinachohifadhiwa kwenye vichwa vya wasichana wanaofunga. Sikumwandikia.

Mfunguo Mosi ukafika, na usiku wa kupamba, na ndoo ya simu mlangoni. Wasichana walikaa mkekani, khalati katikati yao na pembe lake. Walimpamba bibi harusi, vizuri, beti baada ya beti, watu wakapiga vigelegele, na wanawake wazee waliojua sauti ya zamani wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilianza kupumua. Kisha pakatangazwa mlangoni kwamba mama wa bwana harusi amefika na watu wake, na hapo kuna beti yake. Mgeni huyo akipita mlangoni bila kuimbiwa, nyumba nzima ya bibi harusi imeaibika, na mwenye nyumba zaidi ya wote alikuwa khalati.

Binamu mwenye kifua alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliwatazama wenzake, wenzake wakatazama mkeka. Mapembe yaliendelea kugonga, yakingoja, na mama wa bwana harusi amesimama kizingitini na tabasamu linaloanza kukauka. Khalati midomo yake ilikuwa ikiyaunda maneno, naliona kila neno, na hakuna upepo uliofika hata kwa msichana aliyekaa ubavuni pake.

Kisha akaacha kuwatazama wasichana akanitazama mimi.

Niliyaelewa macho yale nikatamani ardhi ipasuke. Beti ile nilikuwa nimeisikiliza kuliko mtu yeyote hai, nikisimamisha na kurudisha kwa amri ya kijiti, mwezi mzima. Lakini sauti yangu, niseme ukweli, ni ya kuita paka. Shuleni niliombwa na mwalimu wa kaswida nichezeshe mdomo tu. Niliizima kamera nikaiweka juu ya kiti, nikashika buibui la mtu lililokuwa karibu ili nipate cha kushika, nikaimba:

Mgeni wetu karibu, mlango tumefungua,

na wasichana, Mungu awabariki, wakanipokea. Mstari wa pili ulikuwa umesimama tayari kichwani mwangu. Inapasa iwe mwana tumekukabidhi, ulimi tumechukua. Yaani binti tumekupa, ila haki ya kukusema tumebaki nayo. Mimi nilisimama mbele ya mama wa bwana harusi, mbele ya mama yangu na mji mzima, nikamwimbia kwa nguvu zangu zote kwamba ulimi tumemkabidhi, na mwana tumemchukua.

Ukumbi uliangua kicheko. Mama wa bwana harusi alishika mlango kwa kucheka, akauliza kama basi arudi nyumbani. Khalati mabega yalikuwa yakimtikisika, machozi yanamtoka, hana sauti hata ya kucheka. Akainua kijiti, akagonga pembe mara mbili, akanirudisha mwanzo.